Mshororo wa Tano

Skrini ya ghala letu ilikuwa na mizani themanini.
Herufi ya themanini na moja haikuwa na pa kukaa.
Basi amri ndefu tuliikata mshororo kwa mshororo,
na kila ukibonyeza kitufe cha kuingiza
mashine haikujibu neno. Ilitoa namba tu:
2
kisha kimya, na kile kijiti cha kijani kikipepesa,
maana yake nimekusikia, endelea.
3
Nimekusikia. Endelea.

Orisia Hnatiuk ndiye aliyenifundisha.
Kanora, Saskachewani, Februari ya themanini na nane,
nje nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
magari yamechomekwa kwenye umeme kama wagonjwa,
ndani sisi wawili, hita moja,
na majina elfu mbili ya wakulima wa ngano.

"Usiogope urefu," alisema. "Ogopa nuktamkato.
Kabla yake, ulichoandika ni wazo.
Baada yake, kimetendeka."

Ukigundua kosa la mshororo wa pili ukiwa wa nne
huwezi kupanda kurudi; ngazi hiyo haikuwepo.
Unauita mshororo kwa namba yake,
kisha neno bovu, kisha neno zima,
umeyatenga kwa mikwaju
(mkwaju mwingine haujapata kuota kwenye theluji ile).

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na haraka.
Jumatatu moja niliifunga amri kwenye mshororo wa kwanza,
nikasahau *ambapo*,
na wakulima wote elfu mbili wakahamia mji mmoja.
Siku tatu tuliwarudisha makwao kutoka kwenye kadi za karatasi,
Orisia akisoma, mimi nikiandika.
Hakunikaripia. Ila kila tulipofika jina gumu
alilitamka mara mbili, polepole,
kama mtu anayehesabu faini mkononi.

Mwisho wa mwezi likaja agizo kutoka Rejaina:
waondoeni wanachama waliokufa.
Akaketi yeye. Nilisimama nyuma na kikombe changu.

futa kutoka wanachama
2 ambapo hali ni marehemu
3 na deni ni sifuri
4 na hisa zimelipwa warithi
5

Hapo akakoma.

Namba 0417 niliijua. Nani asiyeijua?
Hnatiuk, Taras, ekari mia sita na arobaini,
aliyetoka kufungua lango asubuhi ya Novemba
na lango likakutwa wazi.

Orisia akavaa koti. Akatoka kuwasha gari,
akalipasha moto dakika kumi, hakwenda popote.
Akarudi na theluji kwenye nyusi.
Mashine bado ilikuwa kwenye tano.
Sijaona msikilizaji wa namna ile tangu siku hiyo:
haikusema pole, haikukohoa,
haikuuliza kama amemaliza.

Akaandika kwa kidole kimoja,
yeye aliyekuwa akiandika kwa kumi:

5 isipokuwa namba 0417;

Rekodi 31 zimefutwa.
Orodha ya Rejaina ilisema thelathini na wawili.
Nikatia sahihi yangu penye nafasi ya shahidi.

Miaka minane baadaye, Orisia amekwisha kustaafu,
alikuja kijana kutoka Saskatuni, Devlini Okrainetzi,
kuhamisha kila kitu kwenye mashine mpya.
Adhuhuri akaniita.
"Huyu hana deni, hana ngano, hana hisa.
Mbona yumo?"
Nikamwonyesha karatasi niliyoinakili,
mishororo mitano, wino umefifia.
Akaisoma, akatabasamu.
"Siku hizi yote haya huenea kwenye mstari mmoja."

"Najua," nikamwambia.
"Hata hivyo, acha nafasi ya tano."